Kengele Kabla ya Kwaya

Kabla kwaya haijaimba kengele huwa imeshalia. Hapa Longisa, kwa miaka mingi kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa kipande cha nondo. Mwaka juzi ikaibwa usiku, bila shaka ikauzwa kama chuma chakavu, na Jumapili iliyofuata nusu ya sauti ya tatu waliingia mahubiri yakiendelea. Kamati ikanituma, mimi katibu, nitafute kengele ya kweli. Ndipo nikaanza kusoma.

Wazee wetu walikuwa na kengele kabla ya wamisionari. Mhunzi, ambaye sisi Wakipsigis humwita kitongindet, alifua chuma kikawa bapa kama jani, akakikunja kingo zikutane, kisha akaning'iniza ulimi ndani. Ng'ombe aliivaa shingoni. Morani wa Kimasai, majirani zetu, aliifunga pajani. Mhunzi mwenyewe hakuwa mtu wa kuchezewa. Wamasai hawakuoana na wahunzi wao, na Wakikuyu waliiogopa sana laana ya mhunzi. Nyundo ile ilikuwa chombo cha kazi na cha kiapo pia.

Kengele ya kanisa haifuliwi, humiminwa: shaba nyekundu karibu sehemu 4 kwa bati sehemu 1, ndani ya kalibu ya udongo. Kiwanda cha Whitechapel, London, kilianza kazi hiyo mwaka 1570 kikafungwa 2017. Kule Mombasa, kijiji cha Freretown kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, miaka ya 1870, kilikuwa na kengele yake. Mnara bado upo, na mtaa unaitwa Kengeleni hadi leo.

Sasa neno kwa wanakwaya. Kengele ya namna hiyo haitoi noti moja. Juu ya do yake husikika mi iliyoshushwa, ile tunayoiandika "ma", ndiyo maana hata ya harusi ina huzuni kidogo. Mwalimu wetu wa kwaya alibisha wiki nzima.

Shaba ilitushinda bei. Fundi wa jua kali alitukatia mtungi mkuukuu wa gesi, akauning'iniza kwa mnyororo wenye kufuli mbili. Ukilia asubuhi ya jubilii, sauti ya nne wachukue noti hapo. Sauti ya kwanza wasijaribu.