Kitenge cha Mama na Miwani ya Wafaransa

Siku tulipovuka Ziwa Tanganyika kukimbilia Kigoma, nilitapika tangu boti ilipoacha ufukwe. Mama akanifunga kitenge tumboni, akakikaza, akaniambia: "Angalia milima, usiangalie maji." Wakubwa walicheka, eti mtoto wa kiume hana nguvu.

Kumbe si mambo ya nguvu. Wagiriki wa kale walilijua tatizo hili. Neno lao la kichefuchefu lilitokana na neno la merikebu. Sababu yake ndiyo ilichelewa kujulikana. Mwaka 1882 Mmarekani William James aliandika kuhusu viziwi: walipozungushwa, wengi hawakupata kizunguzungu. Basi siri ilikuwa sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji, inayotambua mwendo. Garini, sikio linasema "tunakwenda", macho yanayotazama kiti cha mbele yanasema "tumekaa". Ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndilo linalolipa.

Wenye uwezo wakaanza kutafuta vitu vya kuvaa. Mwaka 1979 Marekani iliruhusu kibandiko cha dawa cha nyuma ya sikio, kinachopitisha dawa kwenye ngozi kwa siku tatu. Kuna pia kamba ya mkononi yenye kifungo kinachobonyeza sehemu ya kifundo ambayo Wachina huiita Neiguan. Wengine wanaisifu, ila majaribio hayajakubaliana.

Mwaka 2018 Citroën ya Ufaransa ikatoa miwani isiyo na vioo. Ina mizunguko minne yenye maji ya buluu. Gari ikiinama, maji yanainama pembeni mwa macho, kwa hiyo macho na sikio vinapata habari moja. Bei wakati huo ilikuwa euro 99.

Niliposoma hivyo nilimkumbuka mama. Milima yake ilifanya kazi hiyohiyo, bure.

Juzi msichana wa kikundi changu alikataa kupanda gari la kwenda hospitali ya rufaa. Safari iliyopita alitapika, wenzake wakamzomea mpaka kambini. Nikaongea na dereva, akampa kiti cha mbele, dirisha wazi. Nikamwambia: "Dada, macho kwenye mlima." Alifika mnyonge, lakini alifika, na daktari akamwona.

Ndugu zetu mnaopanga magari, miwani hatuwaombi. Ulizeni tu, kabla viti havijajaa: nani anasumbuliwa na safari?