MAGAZIJUTO

MAGAZIJUTO ni kifupisho kinachotumika katika shule za Tanzania kukumbusha mpangilio wa matendo ya hisabati: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Shule zinazofundisha kwa Kiingereza, zikiwemo za Kenya na Uganda, hutumia BODMAS. Marekani hutumia PEMDAS.

Hatua za ukokotoaji

Swali: Tafuta thamani ya 36 ÷ (8 − 2) × 4 + 7 − 5.

Mabano: 8 − 2 = 6, hivyo swali linakuwa 36 ÷ 6 × 4 + 7 − 5.
Gawanya: 36 ÷ 6 = 6, inabaki 6 × 4 + 7 − 5.
Zidisha: 6 × 4 = 24, inabaki 24 + 7 − 5.
Jumlisha: 24 + 7 = 31.
Toa: 31 − 5 = 26.

Mwalimu makini humtaka mwanafunzi aandike swali zima upya katika kila mstari, hata sehemu ambazo hazijaguswa. Anayeruka mistari ndiye hupoteza alama ya kutoa au namba iliyokuwa mwishoni. Mabano yakiwa ndani ya mabano mengine, ya ndani hutangulia.

Kosa la kujumlisha kabla ya kutoa

Kugawanya na kuzidisha vina hadhi sawa, vivyo hivyo kujumlisha na kutoa. Vinavyolingana hadhi hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kifupisho hakisemi hivyo, na hapa ndipo kinapowaponza wengi. Katika 10 − 4 + 3, anayefuata herufi kama zilivyo hujumlisha 4 na 3, kisha hutoa 7 katika 10 na kupata 3. Jibu sahihi ni 9, kwa kuwa 10 − 4 = 6, na 6 + 3 = 9.

GA kutangulia ZI hakuleti madhara: 24 ÷ 6 × 2 hutoa 8, na 24 × 6 ÷ 2 hutoa 72 hata ukianza kugawanya. Tatizo liko kwenye JU na TO peke yake. Kwa hiyo kukaririsha kifupisho bila kanuni ya kushoto kwenda kulia ni kumfundisha mtoto nusu ya somo.

Mafumbo

Mzazi amenunua daftari 5 kwa shilingi 800 kila moja na kalamu 3 kwa shilingi 400 kila moja, akatoa noti ya shilingi 10,000. Chenji yake ni:

10,000 − (5 × 800 + 3 × 400)
= 10,000 − (4,000 + 1,200)
= 10,000 − 5,200
= shilingi 4,800.

Bila mabano, hesabu hiyo ingetoa shilingi 7,200, yaani muuzaji angepata hasara ya shilingi 2,400.

Vipeo

Havina herufi katika kifupisho. Hukokotolewa baada ya mabano: 2 × 3² = 18, si 36.

Matumizi ya sasa

MAGAZIJUTO hufundishwa katika somo la Hisabati shule ya msingi. Sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, wanafunzi hukutana na BODMAS. Vikokotoo vya kisayansi hufuata mpangilio huu. Vile vidogo vya dukani kwa kawaida hukokotoa kwa jinsi namba zinavyobonyezwa, hivyo 2 + 3 × 4 huonyesha 20 badala ya 14.