Gedi: mji ambao watu wake walihama

Wakati wa vakanse kubwa ya shule, familia moja ya Fizi, iliyokimbia vita na ambayo leo inaishi Nairobi, ilipanda basi kwenda Malindi, kwenye pwani ya Kenya, kumtembelea baba mdogo wa watoto. Walikuwa watu saba: baba, mama, watoto wanne na koko, mama mzazi wa baba.

Safari ilikuwa ya kusalimiana, lakini kulikuwa pia na shauri la ukoo. Baba mdogo alitaka parsele yao ya kule Fizi iuzwe, kwa kuwa nyumba imeanguka na hakuna mtu wa kuilinda. Koko hakutaka kusikia neno hilo. Siku mbili za kwanza watu wazima waliongea kwa sauti ya chini, na watoto wakatumwa kucheza nje.

Siku ya tatu, ili mioyo ipoe, baba mdogo aliwapeleka wote kuona magofu ya Gedi, ndiyo mabaki ya mji wa zamani uliobomoka. Gedi iko kilomita 16 hivi kusini ya Malindi, karibu na Watamu, pembeni ya pori la Arabuko-Sokoke. Mtu anaingia chini ya miti mikubwa, kima wakiruka juu ya matawi, na mara kuta zinaanza kuonekana: msikiti mkubwa, jumba la mfalme, makaburi, na nyumba zilizopangwa kando ya njia nyembamba. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yale mawe ya pwani yanayotokana na bahari, na kuunganishwa kwa chokaa.

Mji huo ulianza kujengwa kati ya karne ya 11 na ya 12, na ukanawiri katika karne ya 14 na ya 15. Ukuta wake wa nje ulizunguka eneo la hektari 18 hivi. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa: mwaka 802 wa Hijria, ndiyo mwaka 1399. Wachunguzi wanakadiria kwamba watu zaidi ya 2,500 waliishi humo.

Kilichowashangaza watoto si jumba la mfalme, bali vyoo. Nyumba za mawe zilikuwa na choo ndani, na mji ulikuwa na mifereji ya kutoa maji ya mvua. Mtoto wa tatu alihesabu vyumba vya nyumba moja, akasema kwamba wakaaji wake walikuwa na nafasi kuliko wao kule Nairobi.

Kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, mchunguzi James Kirkman alichimba pale na kuzipa nyumba majina kufuatana na vitu vilivyopatikana ndani. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, na Nyumba ya Simbi. Mkasi ulitoka Hispania, taa ilitoka India. Kulikuwa na shanga za Venice na vyombo vya udongo vya China. Mji ulio mbali kidogo na bahari, katikati ya miti, ulikuwa ukifanya biashara na nusu ya dunia.

Zamani wachunguzi wengi wa Ulaya walisema kwamba miji kama hii ilijengwa na Waarabu waliokuja kutoka ng'ambo. Wachunguzi wa leo wanaona mambo namna nyingine: wajenzi walikuwa Waswahili, Waafrika wa pwani, Waislamu wenye lugha ya Kibantu, waliofanya biashara na kuoana na wageni wa baharini. Lugha yao ndiyo ambayo baadaye, katika karne ya 19, ilifuata misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa hadi Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kufika Fizi na Maniema. Koko hakusoma Kifaransa, lakini alimwelewa mwongozaji wa Gedi tangu neno la kwanza. Yeye alisema «fasi», mwongozaji akasema «mahali», na wote wawili wakacheka.

Ndipo mtoto wa pili akauliza swali: «Sasa wale watu walienda wapi?»

Jibu si moja. Mwaka 1589 washambulizi walioitwa Wazimba walipita pwani hiyo wakiharibu miji. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus huko Mombasa, na mtawala wa Malindi, rafiki yao, akahamia huko, biashara ikamfuata. Waoromo, wachungaji waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, walizidi kukaribia. Tena kulikuwa na shida ya maji: inaonekana maji ya visima yalizidi kwenda chini, na watu wakalazimika kuchimba zaidi. Wachunguzi wanaamini kwamba wakaaji walihama, kisha baadhi yao wakarudi na kukaa ndani ya ukuta mdogo wa katikati. Katika karne ya 17 wakahama kabisa, na pori likaufunika mji.

Koko alisimama kando ya kisima kimoja kwa muda mrefu. Aliuliza kama wale waliorudi walikuta nyumba zao, ao walikaa tu mahali palipobaki. Mwongozaji alimwonyesha ukuta wa ndani na ule wa nje, ili aone mwenyewe namna mji ulivyopungua.

Kabla ya kutoka, mwongozaji alieleza jambo moja zaidi. Jina Gedi si la wale waliojenga mji. Ni neno la Kioromo, maana yake kitu cha thamani, nalo lilitolewa na watu waliokuja nyuma. Kuna wanaodhani kwamba wenyewe waliuita Kilimani, na mabishano juu ya jina hilo hayajaisha. Serikali imelinda kuta hizo tangu mwaka 1927, na mwaka 2024 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mkasi umetunzwa, taa imetunzwa. Lakini hakuna anayeweza kusema nani alilala katika Nyumba ya Mkasi.

Jioni hiyo, baada ya chakula, koko aliomba binti mkubwa alete daftari. Akaanza kutaja: jina la kijito, jina la njia ya kwenda shambani, mwembe uliopandwa na marehemu mume wake, majina ya majirani wa pande nne za parsele, na wapi mpaka unapinda. Baba alikumbusha mambo mawili. Baba mdogo, aliyekuwa kimya, alimrekebisha kaka yake juu ya jirani wa upande wa ziwa, kisha akaendelea kusema mwenyewe. Zilijaa kurasa nne.

Shauri la kuuza halikufutwa, kwa sababu pesa za kodi na za shule bado zinatafutwa. Lakini walipatana kwamba parsele haitauzwa mwaka huu, na kwamba watamwomba jirani mmoja aliyekwisha kurudi alime pale na kulinda mipaka. Koko alikubali hilo. Daftari limebaki kwa binti mkubwa, na kopi moja iko kwa baba mdogo huko Malindi.

Familia nyingi zilizokimbia, ziwe kambini ao kwa jamaa, bado zina wazee wanaokumbuka. Kazi ya jioni moja inatosha: daftari, kalamu, jina la kijiji na la mtaa, majirani wa pande nne, mti ao jiwe linaloonyesha mpaka, na jina la yule aliyejenga nyumba. Mwaka na siku ya kuandika viwekwe chini, na mtu wa pili atunze kopi.