Filamu ya DVD ilivyofika kiganjani kwako

Mtama ukianza kukomaa utaona mashambani diski zimening'inizwa kwa kamba, zinameremeta juani kufukuza ndege. Kabla hujatundika za kwako, zipekue kwanza. Huenda kuna ya mafunzo uliyopewa semina, ukaiweka kabatini kwa sababu deki iliharibika. Kilichomo bado kinaweza kuhamia kwenye simu yako. Lakini njia ya kutoka diski hadi simu haikuwa nyepesi, na ukijua ilivyopita hutapoteza hela kwa mrusha nyimbo.

DVD iliingia sokoni Japani Novemba 1996, na Marekani mwaka uliofuata. Kabla yake tulikuwa na mikanda ya VHS, kisha VCD, ambayo picha yake ilikuwa hafifu na filamu moja mara nyingi ilikula diski mbili. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, yaani filamu ya saa mbili yenye picha safi. Tena diski moja inaweza kubeba sauti za lugha hadi nane. Shika hiyo nane, nitairudia.

Wenye filamu waliweka kufuli mbili. Ya kwanza ni kuigawa dunia kwa kanda. Sisi Afrika Mashariki tuliwekwa kanda ya 5, pamoja na India na Urusi; diski ya kanda ya 1, ya Marekani, ikiingia kwenye deki ya kanda ya 5 inakataliwa. Ya pili ni fumbo liitwalo CSS, linalovuruga picha ili deki yenye ufunguo tu ndiyo isome. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, akiwa na miaka 15, alishiriki kutoa programu iliyofungua fumbo hilo. Alishtakiwa. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na ya rufaa ikamwachia tena Desemba mwaka huohuo, kwa hoja kwamba mtu aliyenunua diski yake kihalali ana haki ya kuitazama kwa chombo anachotaka. Hiyo ni sheria ya Norway, usije ukaipeleka kwa hakimu wa kwetu.

Mwaka huohuo wa 2003 Mfaransa Eric Petit alitoa HandBrake, programu ya bure ya kugeuza DVD kuwa faili dogo. Ukaja pia mtindo mpya wa kubana picha, H.264, unaotumia karibu nusu ya nafasi iliyohitajika na mtindo wa DVD kwa picha ya ubora uleule. Miaka miwili baadaye zikaja kadi za microSD, ndogo kama ukucha.

Simu za wakati ule hazikuwa na nguvu. Faili lao lilikuwa 3GP, na picha yake kwa kawaida ilikuwa nukta 176 kwa 144. Picha ya DVD ya kwetu ni 720 kwa 576. Piga hesabu: nukta 16 za diski zinabaki kama moja tu kwenye simu. Kwa filamu ya mapigano ni hasara, uso wa mtu unakuwa kama uji. Kwa mafunzo si mbaya hivyo. Sauti ya AMR iliyotumika ndani ya 3GP ilitengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu, hivyo muziki unasikika kama uko ndani ya debe, ila mtu anayeeleza namna ya kupanda anasikika vizuri. Filamu ya saa mbili ikabanwa hadi MB 200 au pungufu, na kadi ya MB 256 ikatosha.

Hapo ndipo vijana wenye kompyuta pale senta walipopata kazi. Malawi wanaitwa ma-DJ. Shirika la Access Agriculture lilipogawa huko DVD za mafunzo ya kilimo, zikiwemo za kupambana na kiduha, vijana hao walizirusha kwenye kadi za wakulima kama wanavyorusha nyimbo. Mkulima akatazama nyumbani kwake, hata mara tatu, bila kusubiri bwana shamba. Kwa kweli mimi naliona hilo kubwa kuliko semina zetu nyingi.

Sasa ile nane. Niliwahi kumpa kijana wa senta diski ya mafunzo yenye lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Akawarushia watu kumi na wawili, wakalipa. Kesho yake mama mmoja akaniambia, "Bwana shamba, mtu wako anaongea Kizungu tupu." Programu, usipoiambia, huchukua sauti moja tu, mara nyingi ile ya kwanza. Tukarudia zote, na hela ya pili nikaitoa mimi.

Kwa hiyo ukienda kurushiwa, mwambie achague sauti ya Kiswahili kabla hajaanza, na akujaribishie dakika moja kwenye simu yako mwenyewe. Simu janja: MP4 ya H.264, kimo cha picha 480. Simu ya batani: 3GP kama hapo juu, au MP4 ya 320 kwa 240 ikikubali. Akikunakilia tu folda ya VIDEO_TS bila kugeuza, simu nyingi hazitaifungua na kadi itajaa bure.

Wewe mwenye biashara ya kurusha, diski za mafunzo zinazotolewa bure zina ruhusa yake, isome kwenye jalada. Filamu za kununua ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakukataza kuzinakili na kuziuza bila ruhusa ya mwenyewe.

Na usingoje sana. Diski za kuchoma kwa kompyuta zina rangi ndani inayoshika maandishi, na jua na joto huipausha. Ya kwako iliyokaa dirishani tangu semina ile, ipeleke senta wiki hii, na nakala moja uiache kwenye fleshi ya kikundi.