Hadithi kubwa ya mtumiaji

Katika uundaji wa programu kwa mizunguko mifupi, ni maelezo ya hitaji la mtumiaji yasiyoweza kukamilishwa ndani ya mzunguko mmoja, yaani wiki 1 hadi 4. Mwaka 2003 mtaalamu wa programu Bill Wake aliuweka udogo miongoni mwa vigezo 6 vya hadithi nzuri.

Mjini Kigali, huduma nyingi za serikali huombwa kupitia Irembo, mfumo wa mtandaoni ulioanza 2015. Tuseme timu imepewa hadithi hii: “Mwananchi aombe cheti cha kuzaliwa kwa simu.” Ni sentensi fupi, lakini imebeba uhakiki wa kitambulisho, malipo, idhini ya ofisa na lugha 3. Timu nyingi huikata vibaya: hifadhidata kwanza, skrini baadaye. Wiki hupita na mwombaji hana anachoweza kutumia. Afadhali kipande chembamba kinachofika mwisho: mtu mzima mwenye kitambulisho, Kinyarwanda pekee, njia moja ya malipo, ofisa akihakiki mwenyewe. Mzazi anayemwombea mtoto, Kifaransa, Kiingereza na malipo ya benki hufuata, kila kimoja kikiwa hadithi yake.