Meli za Wafungwa: Somo Linaloanzia Bahari ya Kilwa

Adhabu ya kumsafirisha mhalifu ng'ambo ilifika bahari ya Kilwa karibu miaka 300 kabla ya kufika Australia. Msafara wa Pedro Álvares Cabral, uliotia nanga Kilwa Julai 1500, ulichukua Wareno takriban 20 waliokwisha kuhukumiwa. Mfalme wao aliona afadhali kuwatumia kuliko kuwanyonga: mfungwa alishushwa pwani ya ugenini ajifunze lugha na kupeleleza njia, na akiuawa, hakuna wa kumdai. Wawili, João Machado na Luís de Moura, waliachwa Malindi mwezi Agosti wautafute ufalme wa Kikristo uliosadikiwa kuwa upande wa Uhabeshi.

Kwa mwanafunzi wa kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, Jiografia ya safari hiyo iko mlangoni. Julai ni kusi, na mtoto wa mvuvi anajua bila kuambiwa kwa nini chombo kilichotoka Kilwa kilikwenda Malindi kwa wepesi. Sayansi nayo ina kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C ulioozesha fizi za mabaharia na wafungwa bila kubagua. Vasco da Gama aliporudi Malindi Januari 1499, aliagiza machungwa kwa ajili ya wagonjwa wake.

Hisabati inapata kazi kwa Waingereza. Meli 11 za msafara wao wa kwanza wa wafungwa ziliondoka Portsmouth 13 Mei 1787. Za mwisho zikaingia Botany Bay 20 Januari 1788. Mwanafunzi akihesabu vizuri atapata siku 252. Hadi adhabu hiyo ilipokoma mwaka 1868, wafungwa takriban 162,000 walikuwa wamepelekwa Australia.

Hapa mwalimu aende taratibu, maana watoto huchanganya mfungwa na mtumwa. Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice, aliyetaka watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, na zawadi ya piasta 2 kwa Sultani kwa kila kichwa. Jumla ni piasta 22,000 kwa mwaka, hesabu ya dakika moja. Kigumu ni kueleza tofauti. Mfungwa wa Australia alikuwa na kosa lililoandikwa, mara nyingi wizi, na muda wa kutumikia: miaka 7, 14 au maisha. Mtumwa wa Kilwa hakushtakiwa kwa lolote, na hakuna hakimu aliyemwekea mwaka wa kutoka.

Baada ya wafungwa na watumwa, kundi la tatu la waliosafirishwa kwa nguvu ni watawala. Sultani Seyyid Said aliwasafirisha viongozi wa ukoo wa Mazrui kutoka Mombasa mwaka 1837, wengine wakafia kifungoni Bandar Abbas. Sultani wa mwisho wa Kilwa naye alipelekwa Maskati katika miaka ya 1840. Khalid bin Barghash wa Zanzibar, aliyepigwa mizinga na Waingereza 27 Agosti 1896, alitoroshwa na Wajerumani hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka Ushelisheli na Mtakatifu Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi, akafia Mombasa mwaka 1927. Kwa somo la Kiswahili, barua ya kuomba kurejeshwa nyumbani, ambayo mwanafunzi ataiandika kwa gavana kwa niaba ya Khalid, ni zoezi zuri la barua rasmi.