Tawang: Monasteri Katikati ya Mpaka Usiokubaliwa

Katika pembe ya magharibi ya jimbo la Arunachal Pradesh, pale India inapopakana na Bhutan na Tibet, iko monasteri ya Tawang, yaani makazi ya watawa wa Kibudha, iliyojengwa juu ya mgongo wa mlima kwenye kimo cha takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. India hulitawala eneo hilo, lakini China hudai kuwa jimbo zima, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 90,000, ni sehemu ya kusini ya Tibet. Na katika madai hayo hakuna mahali panapotajwa kwa mkazo kama Tawang. Sababu si rutuba wala madini, bali ni historia ya monasteri yenyewe.

Monasteri hiyo iliasisiwa mwaka 1680–81 na Merak Lama, mtawa wa kabila la Wamonpa, kwa matakwa ya Dalai Lama wa 5, aliyekuwa mkuu wa dini na wa dola ya Tibet kwa pamoja. Wakati huo madhehebu ya Gelug, ambayo ndiyo ya Dalai Lama, yalikuwa yakishindana na madhehebu ya Drukpa yaliyokuwa yakitawala Bhutan, kwa hiyo Tawang ilizaliwa ikiwa nyumba ya ibada na ngome ya mpakani kwa wakati mmoja. Monasteri ilikusanya kodi ya nafaka vijijini, nayo familia yenye wana watatu ilitazamiwa kumtoa mmoja awe mtawa, hata ikawa vigumu kusema ni wapi sadaka ilikoishia na ushuru ulikoanzia. Mwaka 1683, katika kijiji cha Urgelling kilicho jirani, alizaliwa Tsangyang Gyatso, ambaye baadaye alitambuliwa kuwa Dalai Lama wa 6.

Uhusiano huo wa kidini ulifanywa suala la ramani mwaka 1914, wakati wajumbe wa Uingereza (iliyotawala India wakati huo), Tibet na China walipokutana mjini Simla. Henry McMahon, mjumbe wa Uingereza, alikubaliana na mjumbe wa Tibet juu ya mstari wa mpaka uliopita kwenye vilele vya Himalaya na kuiacha Tawang upande wa India. Serikali ya China ilikataa kuutambua mkataba huo, na haijabadili msimamo hadi leo. Hata hivyo mstari ulibaki kwenye karatasi tu, kwa kuwa maofisa wa Tibet waliendelea kutoza kodi Tawang kwa miaka mingine zaidi ya 30. Ni Februari 1951, miezi michache baada ya jeshi la China kuingia Tibet, ndipo Meja Ralengnao Khathing alipofika na askari wa India na kuwaamuru maofisa hao waache kukusanya kodi. Serikali ya Tibet mjini Lhasa ililalamika, jambo ambalo watetezi wa India hawapendi sana kulikumbuka.

Hapo ndipo penye fundo la mgogoro wote. China hujenga hoja kwamba Tawang ilikuwa chini ya Lhasa, na kwa kuwa Lhasa ni ya China, Tawang nayo ni yake. India hutegemea saini ya Tibet ya mwaka 1914, ambayo ina nguvu iwapo tu Tibet ilikuwa na mamlaka ya kuweka mikataba. Lakini mwaka 1954 India yenyewe iliitambua Tibet kuwa mkoa wa China. Kila upande, kwa namna fulani, umesimama juu ya msingi ambao unalazimika kuukana.

Dalai Lama wa 14 alipoikimbia Tibet mwezi Machi 1959, alivukia eneo hilohilo na kupokewa Tawang. Oktoba 1962 jeshi la China liliuteka mji huo, kisha, baada ya kutangaza kusimamisha vita mwezi Novemba, likarudi kaskazini ya mstari wa McMahon. Mwaka 2008 Dalai Lama alitamka kwamba Tawang ni ya India, na ziara zake za mwaka 2009 na 2017 zilipingwa vikali na Beijing.

Kinachosubiriwa sasa ni urithi wake. Katika Ubudha wa Tibet, Dalai Lama anapofariki hutafutwa mtoto anayeaminiwa kuwa ndiye amezaliwa upya, na mwaka 2007 serikali ya China, inayoongozwa na chama kisichoamini dini yoyote, ilitoa kanuni kwamba kila mtoto wa namna hiyo lazima apate kibali cha serikali hiyo. Julai 2025, akikaribia kutimiza miaka 90, Dalai Lama alijibu kwamba taasisi yake itaendelea, na kwamba mamlaka ya kumtambua mrithi ni ya wakfu wake mwenyewe. Katika kitabu alichochapisha mapema mwaka huohuo, alikuwa ameandika kwamba mrithi huyo atazaliwa nje ya China. Miongoni mwa maeneo ya Kibudha yaliyo nje ya China, Tawang ni mahali ambapo Dalai Lama mmoja amekwisha kuzaliwa.